Mwalimu wa mbwa hupimwa mbwa anapokosea

Tanga inajizungushia kuta. Anayepita Sahare, Kange, Mwambani au njia ya kwenda Pongwe anaona viwanja vilivyokuwa na minazi miaka michache iliyopita vikiwa na nyumba, geti la chuma na kibao kilichoandikwa “Mbwa mkali”. Bandari imepanuliwa. Bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443. Maghala na yadi vinahitaji ulinzi, na pembeni mwa ulinzi huo imechipuka kazi ya ualimu wa mbwa. Wanaoifanya hujitangaza kwa video fupi za simu: mbwa mkubwa amekaa kimya, mwalimu anamzunguka, anamruka mgongoni, anapiga makofi sikioni mwake, na mbwa hatikisiki. Maneno ya chini yanaahidi kwamba ukimpeleka mkorofi, baada ya wiki 3 utamchukua mtiifu. Watu wanautazama ule ukimya, wanaamini yule mbwa amefunzwa, na wanatuma fedha.

Ukimya ule unasomwa vibaya. Mbwa aliyefunzwa na mbwa aliyeganda kwa hofu wanafanana kwenye video ya nusu dakika, na ndiyo maana video haiwezi kukuchagulia mwalimu. Mbwa anapofaulu, kila mwalimu anapendeza. Wa kweli anajulikana mbwa anapokosea, kwa kutazama mikono yake inafanya nini. Anayestahili kulipwa hujenga tabia kwa ujira, yaani chakula, mchezo na uhuru, na mbwa akikosea hurudisha somo nyuma hatua moja. Anayeinua fimbo, anayevuta mnyororo wa kukaba au anayebonyeza kitufe cha kola ya umeme anakuuzia mlinzi mbaya, na anaileta hatari hiyo ndani ya nyumba yenye watoto. Huruma ni sababu tosha ya kumkataa. Lakini hata asiyejali huruma ana sababu zake, nazo ndizo ninazotaka kuzieleza.

Mbwa hurudia kilichomlipa. Mwalimu wa njia ya zawadi huchagua tabia anayoitaka, huirahisisha ili itokee, kisha huitia alama papo hapo kwa neno fupi kama “ndiyo!” au kwa kidude kinacholia “tak” kiganjani, na ndani ya sekunde moja chakula kimefika. Roho ya kazi iko kwenye ile alama. Chakula kikichelewa sekunde 3, mbwa keshasimama na kugeuka, na utakuwa umemlipa kwa kugeuka. Vipande viwe vidogo, kati ya punje ya choroko na njegere: firigisi au maini ya kuku yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kiasi hicho kitolewe kwenye chakula chake cha siku, la sivyo ataishia kunenepa. Somo moja ni dakika 3 hadi 5, mara 3 kwa siku, kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema na hewa nzito ya pwani humnyima hata nafuu hiyo. Akifaulu mara 8 kati ya 10, kazi inaongezwa ugumu. Akikosea mara 2 mfululizo, inarahisishwa. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayomtenga mwalimu na mtu aliyebeba tu mfuko wa nyama.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wa sebuleni wana jibu lao Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mfumo wao ni huohuo: mlio mfupi, kisha chakula, ndizi ikiwemo. Magawa, panya aliyezaliwa na kufundishwa hapa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Kosa katika kazi ile hukata mguu wa mtu. Kama kipigo kingezaa umakini, wangekitumia pale kwanza, mahali ambapo kosa halivumiliki. Walichagua ndizi, kwa sababu mnyama anayeogopa kukosea huacha kujaribu, na mnyama aliyeacha kujaribu hatafuti kitu.

Upande wa pili una hoja zake, na si zote za kupuuzwa. Dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba mbwa ni mbwamwitu, mbwamwitu wana mkuu wa kundi, kwa hiyo mwenye mbwa lazima awe mkuu, amlaze chali, amkandamize shingo, ale kabla yake. Wazo hilo lilitokana na mbwamwitu wa kufungwa, waliokusanywa kutoka huku na kule na kufungiwa pamoja. Mtafiti Rudolph Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947, na ugomvi aliouona ulikuwa wa wageni waliobanwa mahali pamoja. Mtaalamu wa Marekani David Mech, ambaye mwenyewe alichangia kulieneza wazo hilo, alichapisha mwaka 1999 matokeo ya kuwafuatilia mbwamwitu wa porini: kundi lao ni baba, mama na watoto wao, na “mkuu” ni mzazi. Isitoshe, mbwa wa Ngamiani anayezunguka na kujitafutia jalalani haishi hata kwa mfumo huo wa familia. Mwalimu anayeanza maelezo yake na “lazima ajue nani bosi” amejenga juu ya msingi ambao aliyesaidia kuujenga ameshaubomoa.

Hoja ya kasi ina uzito zaidi. Ni kweli, kipigo husimamisha tabia papo hapo. Mbwa anayeruka wageni akipigwa goti la kifua leo, kesho huenda asiruke. Tatizo ni kile alichojifunza. Hakujifunza kukaa. Amejifunza kwamba wageni wanapokuja, maumivu hufuata, na siku moja atachagua kumwahi mgeni kabla maumivu hayajafika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliowahoji wenye mbwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walikuta kwamba kati ya waliowahi kumpiga au kumpiga teke mbwa kwa tabia mbaya, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali. Wale walikuwa wateja waliokwishaleta mbwa wenye matatizo, kwa hiyo namba hiyo haimhusu kila mbwa. Lakini mbwa wenye matatizo ndio hasa wanaopelekwa kwa walimu wa fimbo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watafiti wa Porto, Ureno, walilinganisha mbwa 92 wa shule za zawadi na shule za adhabu. Wa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa somo, na mate yao baada ya somo yalikuwa na homoni ya msongo nyingi zaidi. Kuhusu kola za umeme, utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln uliochapishwa mwaka 2014 haukuona faida yoyote juu ya zawadi, hata kwa tatizo lilelile ambalo kola hizo hutangazwa kulitibu, la mbwa asiyerudi akiitwa. Wales ilizipiga marufuku tangu 2010. Kwetu zinaagizwa mtandaoni na kuvalishwa kutwa nzima kwenye joto, vyuma vimegandamia ngozi mpaka inatoka vidonda.

Hoja ya tatu ni yetu wenyewe, na mwalimu asiyeweza kuijibu hafai kufanya kazi Tanga: mbwa aliyezoeshwa chakula atakula nyama ya sumu inayorushwa na wezi. Hofu hiyo ni ya haki, watu wamepoteza mbwa. Ila anayekula cha kila mtu ni mbwa mwenye njaa, na mbwa wengi wa ulinzi wana njaa, wanapewa ugali mkavu mara moja kwa siku kwa imani kwamba njaa huleta ukali. Kukataa chakula cha mgeni hufundishwa, na hufundishwa kwa zawadi. Unafumba kipande mkononi. Mbwa ananusa, analamba, anakwaruza, hufanyi kitu. Sekunde anayorudisha kichwa nyuma unasema “ndiyo!” na kumlipa kitu bora zaidi kutoka mkono wa pili. Ikishika, kipande kinawekwa sakafuni chini ya kandambili, kisha wazi, kisha kinadondoshwa na mtu mwingine, kisha kinarushwa juu ya ukuta jioni, na kila mara malipo hutoka kwa mwenyewe, kwenye sahani yake. Ni kazi ya wiki 6 hadi 8, inayohitaji kurudiwa kila mwezi na watu wapya. Haitoi dhamana kamili. Yadi bado imulikwe kwa tochi kabla mbwa hajafunguliwa. Lakini kiboko hakifundishi lolote katika hayo. Mbwa aliyepigwa kwa kula mbele ya bwana wake hujifunza kungoja bwana aondoke.

Lipo pia jambo la dini, ambalo walimu wengi hulipita kimya ilhali nyumba nyingi hapa ni za Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa ni najisi kwao, na mwenye nyumba hawezi kuambiwa amlishe mbwa kiganjani halafu aende msikitini. Hilo halimzuii kabisa mbwa kufunzwa. Sura ya Al-Maidah, aya ya 4, yenyewe inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofundishwa na watu. Mwalimu mwenye ujuzi hubadilisha njia ya kulipa. Kipande hurushwa chini au huwekwa kwenye sahani ya bati kwa upawa wenye mpini mrefu, na somo la kwanza kabisa huwa kutoruka watu na kutovuka mpaka wa kibaraza. Ukimweleza mwalimu hitaji hilo akakucheka, au akadai haiwezekani, basi ana njia moja tu, na ujuzi wake umeishia hapo.

Ili msomaji ajue anatafuta nini, tuchukue somo moja la geti lenye manufaa kuliko ukali wote wa kwenye kibao. Gunia la mkonge linatandikwa mita 4 ndani ya geti. Siku ya kwanza na ya pili hakuna mgeni. Kila wakati mbwa anapoweka mguu juu ya gunia, “ndiyo!”, na kipande kinadondoshwa juu ya gunia lenyewe, mara 20 kwa vipindi vifupi. Kisha miguu yote minne. Kisha kulala. Mbwa akishaanza kulikimbilia gunia mwenyewe, mtu wa nyumbani aliye pembeni anasema “hodi” kwa sauti ndogo, na sekunde moja baadaye mwalimu analionyesha gunia kwa kidole. Baada ya marudio ya kutosha mbwa ataondoka kwa hodi, hatangoja kidole. Hapo hodi inahamia nje ya geti. Kisha geti linagongwa. Kisha linafunguliwa upana wa kiganja na kufungwa. Kisha wazi. Kisha mtu anaingia, hatua 2, anatoka. Kila kimoja ni somo lake, na mbwa yuko kwenye kamba ndefu ya mita 5 iliyolegea mpaka mgeni wa 20 apite salama. Watu huharibu wanaporuka kutoka gunia tupu hadi shemeji aliyekuja ghafla na watoto. Mbwa anakurupuka, makelele yanaanza, anaburutwa kurudishwa kwenye gunia, na kuanzia siku hiyo gunia linanuka hofu. Mbwa aliyelielewa somo hili ameshajua mgeni huja vipi: kwa hodi, kwa geti, mchana. Anayeshuka ukutani saa 8 usiku bila hodi hafanani na hicho, na mbwa ana cha kulinganisha. Mbwa aliyefundishwa kumchukia kila mtu hana.

Mtu wa namna hii atapatikanaje? Cheti kinasaidia kidogo. Hakuna leseni ya serikali ya ualimu wa mbwa hapa, na hata Uingereza na Marekani mtu yeyote anaweza kujiita mwalimu. Vyeti vya kweli vipo: kile cha msingi cha CCPDT, baraza la Marekani la kuthibitisha walimu wa mbwa, kinadai angalau saa 300 za kufundisha na mtihani, na majina ya wenye cheti hutafutwa kwenye tovuti yao. Hapa Tanga utampata nadra mtu wa aina hiyo, kwa hiyo usimkatae mwenye mikono mizuri kwa kukosa karatasi, wala usimkubali mwenye karatasi bila kuona mikono. Aliyewahi kushika mbwa wa kampuni ya ulinzi ana uzoefu wa thamani, lakini uzoefu huo mara nyingi ni wa mnyororo. Muulize sasa anatumia nini.

Muulize mambo mawili kabla ya bei. Mbwa wangu akipatia, atapata nini hasa? Akikosea, atapata nini hasa? Jibu la kwanza litaje chakula au mchezo. La pili litaje kurahisisha kazi, kumsogeza mbali na kinachomvuruga, kuzuia malipo. Ukisikia “namrekebisha”, mwambie akuonyeshe anavyorekebisha, kwenye mkono wako. Halafu omba kutazama somo la mbwa mwingine kwa dakika 20, na utazame mbwa zaidi ya mwalimu. Masikio yaliyolazwa nyuma, mkia uliobanwa, kulamba midomo wakati hakuna chakula, miayo bila usingizi, weupe wa jicho unaoonekana pembeni, mguu mmoja wa mbele ulioinuliwa hewani: mbwa huyo anaomba kuondoka. Mwishoni omba kamba ifunguliwe. Mbwa wa mwalimu mwema hubaki, hata hurudi kumsukuma aanze tena. Wa fimbo huenda kwenye kivuli cha mbali, au hubaki amesimama palepale kwa sababu hajui kama kuondoka kunaruhusiwa.

Mwalimu mzuri atakuuliza maswali mengi kuliko utakayomuuliza. Kadi ya chanjo iko wapi? Analala wapi, anafungwa saa ngapi, nani anamlisha? Kama ukali umeanza ghafla, atakurudisha kwanza kwa daktari wa mifugo, kwa sababu sikio lenye usaha, homa ya kupe au nyonga inayouma humfanya mbwa mpole aume, na hakuna somo linalotibu sikio. Atakuambia umlete mtoto wa mbwa mapema, mara chanjo zinapoanza, maana kati ya wiki 3 na 14 ndipo mbwa huamua vitu gani vya dunia ni vya kawaida: bodaboda, baibui, watoto, mwavuli. Anayesema “mlete akifika miezi 8” anarithi desturi iliyotokana na shingo ya mtoto kutohimili mnyororo wa kukaba. Na akitaka akae na mbwa kwake mwezi mzima, uwe mwangalifu. Mbwa hujifunza pamoja na mahali na mtu. Akirudi Makorora kwa watu wengine na maneno mengine, “kaa” kwa baba na “keti” kwa dada, mengi yatayeyuka, na hutajua kilichofanyika nyuma ya ukuta ule. Kama hakuna budi, sharti liwe kutembelea bila taarifa, video ya kila siku isiyokatwa, na nusu ya malipo baada ya wewe mwenyewe kuongoza somo kwako.

Haya yana uzito nje ya geti pia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na haina msamaha kwa kuwa ukatili umeitwa mafunzo. Kisha kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kila anayeumwa na mbwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, na gharama na siku za kazi zilizopotea humwangukia aliyeumwa, mara nyingi mtoto wa jirani au muuza maji. Mbwa aliyekaziwa ukali na ambaye hajachanjwa ni deni ambalo mtaa mzima hulipa.

Anayelipa deni hilo mapema kuliko wote ni mlinzi wa usiku. Yeye hukaa na mbwa saa 12, humfungua na kumfunga, na kwenye mikataba mingi ya mafunzo hatajwi. Mwenye nyumba anasimama mbele ya mwalimu Jumamosi asubuhi, anajifunza maneno, anaondoka kwenda kazini. Usiku mlinzi hana neno hata moja, ana rungu. Mbwa aliyelipwa kwa gunia asubuhi anasukumwa kwa rungu jioni, na baada ya mwezi hamwamini yeyote. Kwa hiyo masomo 2 ya mwisho yaandikwe kwenye mkataba kuwa ya saa 1 usiku, mlinzi akiwa zamuni na kopo la firigisi kiunoni, mwalimu pembeni yake, na mwenye nyumba akitazama tu kutoka kibarazani.